Mshubiri, mwarobaini na kidonda: dhana potofu na ukweli

Katika vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vya juu ya mji wa Moshi, mtu akijikata kwa panga, mara nyingi hukumbuka mshubiri ulioota karibu na jiko kabla ya kukumbuka maji na sabuni. Mazoea hayo yana msingi, lakini yamebeba pia dhana zinazodhuru.

Dhana: Kila kinachotoka katika jani la mshubiri ni dawa ya kidonda.

Ukweli: Jani likikatwa hutoa kwanza utomvu wa njano, mchungu, ambao hukera ngozi na ukinywewa huharisha. Kinachofaa ni ute angavu wa ndani, ambao tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa husaidia majeraha madogo ya moto kupona mapema, mradi yawe yamepoozwa kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kidonda cha kisu ni jambo jingine: katika utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 1991, vidonda vya upasuaji vilivyopakwa jeli ya mshubiri vilichukua wastani wa siku 83 kupona, ilhali vile vilivyotunzwa kwa njia ya kawaida vilichukua siku 53. Naona si haki kuusifu mmea huu bila kulitaja hilo.

Dhana: Kidonda kinyunyiziwe majivu au unga wa majani ili kikauke.

Ukweli: Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya lile lililoachwa likauke.

Dhana: Mwarobaini huua vijidudu, kwa hiyo sindano ya pepopunda haina haja.

Ukweli: Ni kweli kwamba dondoo za mwarobaini huzuia baadhi ya bakteria maabarani. Hata hivyo, vimelea vya pepopunda huishi katika udongo na samadi, ile ile tunayoimwaga kila msimu kwenye migomba, na hustawi ndani ya tundu la msumari au la mwiba, pasipofika hewa wala maji ya majani yaliyopondwa. Kinachokinga ni kuosha jeraha vizuri na kupata chanjo.

Dhana: Dawa ya majani ikituliza maumivu, kidonda kinapona.

Ukweli: Kwa mwenye kisukari, mishipa ya fahamu ya mguu huweza kuwa imeharibika, naye asihisi chochote huku kidonda kikizidi kuchimba kuelekea kwenye mfupa.