"Maji yaende zake baharini"

Juzi kwenye kikao cha shehia, hapa Unguja, mzee mmoja ninayemheshimu sana kaniambia tena: "Mwanangu, chimbeni mtaro mpana, maji yaende zake baharini, yaishe." Neno hili nalisikia masika hata masika. Leo nalijibu.

Maji hayaendi peke yake. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Zikipita kwenye ua uliosakafiwa zinazoa mafuta ya gereji, taka za soko na, mniwie radhi, uchafu wa makaro yaliyofurika. Ua wa mchanga ungeyanywa mengi hapo hapo.

Yale ya mwanzo ndiyo mabaya. Masika haya nilisimama kwenye mdomo wa mtaro, penye mikoko, na chupa mbili. Ya kwanza niliichota mvua ilipoanza tu: nyeusi kama kahawa, utando wa mafuta juu, tope chini kimo cha ukucha. Ya pili niliichota baada ya saa nzima, na vidole vyangu nilivion​a upande wa pili. Basi si lazima tuyazuie maji yote! Tuyatulize yale ya mwanzo kwenye bwawa lenye majani, tope litue. Mtaro wa zege unayaongeza mbio tu, na lile tope linaishia kwenye mizizi ya mikoko na juu ya matumbawe.

Ndiyo maana huniuma nikiona kifusi kinamwagwa bondeni, ambako maji hutulia yenyewe. Darajani palikuwa na daraja kweli: hori la bahari lilipita pale, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, tukalifukia. Mabonde yaliyobaki tunayaita mashimo ya mbu. Jamani, mbu wa matende anapenda zaidi vyoo vya shimo. Kule Makunduchi, kusini mwa kisiwa, zilimwagwa vyooni chembe za polistirini, yaani plastiki nyepesi, zikaelea zikayafunika maji, na mbu wakapungua sana.

Linalonisumbua mimi ni jengine. Chini yetu ni jiwe la matumbawe, lina matundu na nyufa, na visima tunavyokunywa vimo humo humo. Bwawa linaloinusuru bahari linaweza kukipelekea kisima uchafu ule ule. Kwa hivyo karibu na visima siafiki bwawa lolote lisilotandikwa udongo mfinyanzi chini, hata nikiambiwa nachelewesha kazi.