Je, wajua? Sheria nyingi za meli duniani hupita kwa sababu hakuna aliyesema kitu

Umoja wa Mataifa ukitajwa barazani Mombasa, hukumu huwa moja: maneno mengi, kazi hakuna. Nchi 193 haziwezi kukubaliana hata saa ya kula, seuze sheria. Na wasemao hivyo hawakosi ushahidi. Baraza la Usalama lina wanachama watano wa kudumu, na mmoja wao akikataa jambo limekwisha. Idadi ya viti vya baraza hilo ilibadilishwa mara moja tu, kutoka 11 hadi 15, kwa marekebisho yaliyopitishwa mwaka 1963 na kuanza kutumika 1965. Kenya ilikalia kimojawapo mwaka 2021 na 2022, na wenye kura ya turufu walibaki walewale watano.

Kutokana na hayo watu wengi wameshika imani mbili. Ya kwanza ni kwamba nchi haifungwi na sheria ya kimataifa mpaka iitie saini yenyewe, sheria moja baada ya nyingine. Ya pili ni kwamba, kwa kuwa hakuna serikali ya dunia wala polisi wake, sheria hizo ni nasaha tu. Zinaonekana za busara, na wasomi wenyewe wamebishana juu ya hiyo ya pili miaka mingi. Profesa wa sheria wa Marekani, Louis Henkin, alidai kwamba karibu mataifa yote hutii karibu sheria zote za kimataifa karibu wakati wote. Tunachokiona ni zile chache zinazovunjwa, maana ndizo zinazofika kwenye habari.

Baharini, imani zote mbili zinaanguka. Tazama meli inayoingia Kilindini wakati feri ya Likoni imeisubiri ipite. Nyuma yake, chini ya jina, pameandikwa mji wa nchi ilikosajiliwa: Monrovia ya Liberia, au Majuro ya Visiwa vya Marshall, au Panama. Mwenyewe huenda yuko Ugiriki au China, mabaharia ni Wafilipino na Wahindi, shehena inakwenda Kampala. Huo mji ulioandikwa pale huenda meli haijawahi kuuona. Hata hivyo boti zake za kuokolea, pampu zake za moto na redio zake zinafuata kanuni zilezile zinazofuatwa na meli iliyo Rotterdam au Singapore. Nani kazilazimisha?

Jibu la haraka ni Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, tawi la Umoja wa Mataifa lenye makao London. Lakini IMO haina meli ya doria wala mkaguzi anayepanda meli ya mtu. Kilicho na nguvu ni kifungu kimoja katika mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliozaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama. Mkataba unaotumika leo ni wa 1974, na ule uliotangulia, wa 1960, ndio uliowafunza watu somo. Kuanzia 1966 hadi 1973 marekebisho yake yalipitishwa mara sita, na hata moja halikuanza kutumika. Kila badiliko lilihitaji theluthi mbili ya nchi wanachama zipeleke barua ya kukubali, na barua hazikutosha.

Hapa ndipo penye utamu. Chukua mchezo wa kuchangiana fedha wa kina mama wa mtaa, wanachama thelathini, kila mwezi mmoja anapokea. Wanataka kuongeza mchango. Kanuni ya zamani inasema kila mtu aende kwa mweka hazina atie saini, na zikipatikana saini ishirini ndipo mchango upande. Mmoja yuko Jeddah kazini, mwingine ameuguliwa na mama, wa tatu anakubali kabisa ila kila siku ni kesho. Mwaka unaisha saini ziko kumi na moja. Hakuna aliyepinga, na jambo limekufa. Sasa geuza kanuni. Wanaohudhuria kikao wanapiga kura, theluthi mbili yao wakikubali ujumbe unatumwa kwa wote: mchango unapanda mfungo mosi, asiyetaka aandike kabla ya hapo, akinyamaza amekubali. Na ili wachache wasionewe, wakijitokeza wapinzani kumi na mmoja, au hata watatu ambao kwa majina mengi wanayocheza wanashika nusu ya fedha yote, badiliko linavunjika. Uvivu uleule ulioua jambo mara ya kwanza ndio unaolipitisha mara ya pili.

SOLAS ya 1974 inakwenda hivyohivyo. Kamati ya IMO ikishapitisha rekebisho, huwekwa muda, kwa kawaida miaka miwili na kamwe si chini ya mwaka mmoja. Muda ukiisha bila zaidi ya theluthi moja ya nchi wanachama kupinga, wala nchi zenye nusu ya meli za biashara duniani kwa tani kupinga, rekebisho linahesabiwa limekubaliwa. Miezi sita baadaye ni sheria. Nchi iliyopinga kwa wakati yenyewe haifungwi, iliyonyamaza imefungwa.

Mfano ulio karibu ni kontena la chai. Januari 2007 meli ya MSC Napoli ilivunjika ubavu katika mlango wa bahari wa Uingereza. Wachunguzi walipozipima kontena za sitahani zilizobaki kavu, takriban moja katika kila tano ilikuwa na tofauti ya zaidi ya tani 3 na uzito ulioandikwa kwenye karatasi. Novemba 2014 kamati ya IMO ikapitisha rekebisho kwamba kontena lolote lisilo na uzito uliothibitishwa lisipakiwe. Tarehe 1 Januari 2016 likahesabiwa limekubaliwa, na tarehe 1 Julai likaanza. Tangu hapo, chai iliyonunuliwa kwenye mnada wa Mombasa na kufungwa kwenye magodauni ya Shimanzi haipandi meli kwa makisio. Ama kontena lililojaa linapita kwenye mizani, ama mifuko, mbao na kila kilichomo kinapimwa, kisha unajumlishwa uzito wa kontena tupu, ule uliopakwa rangi kwenye mlango wake. Bunge halikuhitaji kulipigia kura. Mkataba ulikuwa umeshakubaliwa zamani, na Katiba ya 2010, ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya.

Na polisi? Ni bandari zenyewe. Meli ya Liberia ikitia nanga Mombasa, wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Bahari ya Kenya wana haki ya kuipanda na kuizuia ikiwa mbovu. Kenya imo katika makubaliano ya ukaguzi ya nchi za Bahari ya Hindi ya mwaka 1998, kwa hiyo iliyokwepa hapa inaweza kukamatwa bandari nyingine. Tena kanuni yao ni kwamba meli ya nchi isiyo mwanachama haipewi nafuu kuliko ya mwanachama. Ndiyo maana kupinga kuna faida ndogo: nchi ya bendera yako inaweza kuikataa sheria, ila bandari unakokwenda haikuikataa, na siku moja ya meli kuzuiliwa ni hasara kubwa kuliko pampu mpya.

Kimya hiki kisichukuliwe kuwa ni ridhaa ya moyo. Nchi ndogo ikiwa na ofisa mmoja wa kusoma makabrasha ya kamati zote, huenda imenyamaza kwa kuwa haijafika ukurasa huo. Halafu ile hesabu ya tani ina vituko vyake. Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall ndizo zenye rejista kubwa kuliko zote, na zikiungana hazikosi sana kufikia nusu ya kupinga, ilhali rejista za Liberia na Marshall huendeshwa na kampuni zilizoko jimbo la Virginia, Marekani.

Pia hila hii ni ya marekebisho, si ya mikataba mipya. Mkataba wa maji ya kusawazisha meli ulipitishwa 2004 ukaanza 2017. Ule wa kuvunjavunja meli kuukuu ulipitishwa Hong Kong 2009 na umeanza Juni 2025. Kwa upande mwingine, kanuni za usalama wa bandari zilizoandikwa baada ya Septemba 11, 2001 ziliingizwa kama rekebisho la SOLAS Desemba 2002, zikaanza Julai 2004. Shirika la Afya Duniani nalo hutumia njia ya kimya: marekebisho ya kanuni zake za afya ya mwaka 2024 yalianza Septemba 2025 kwa kila nchi isipokuwa zile zilizoyakataa, Marekani ikiwemo.

Wapinzani nao wamejifunza. Aprili 2025 kamati ya IMO ya mazingira iliidhinisha mpango wa kutoza meli zinazochafua hewa kwa kura 63 dhidi ya 16. Kilichobaki kilikuwa kuupitisha rasmi Oktoba, kisha saa ya kimya ianze kuhesabu. Saudi Arabia ikaomba kikao kiahirishwe mwaka mmoja. Kupitisha kungehitaji theluthi mbili. Kuahirisha kulihitaji wingi wa kawaida tu, na kura zikawa 57 kwa 49, nchi 21 zikijizuia.