Ligandi si uchafu: dhana potofu kuhusu fuwele nano za perovskaiti

Wengi wanaoniletea diodi (kifaa cha kutoa mwanga umeme ukipita) iliyotengenezwa kwa fuwele nano za perovskaiti, yaani chembe ndogo mno zinazong'aa, na ambayo haiwaki, huanza na maneno yale yale: "Fuwele nimeziosha vizuri sana." Ukichunguza, mara nyingi tatizo limeanzia hapo hapo.

Wanaamini kwamba asidi ya oleiki na oleilamini, ambazo ni ligandi (molekuli zinazojishika kwenye uso wa fuwele), ni mabaki tu ya usanisi, kwa hiyo kadiri unavyoosha ndivyo umeme utakavyopita. Kuna ukweli kidogo ndani yake: minyororo ile ya kaboni 18 ni kihami, na ikijazana kwenye utando wa fuwele ndani ya kifaa elektroni hukwama. Lakini kwenye CsPbBr3 (perovskaiti ya sesiamu, risasi na bromidi) ligandi hizo hazijashika uso kwa nguvu. Asidi na amini hupokezana protoni, zikipoteza chaji huachia, kisha hurudi, muda wote. Ukimimina asetoni unaziondoa zikiwa zimeachia, na oleilamonia (oleilamini iliyopokea protoni) huondoka na bromidi ya usoni. Pale bromidi ilipotoka, risasi hubaki wazi, na elektroni hunaswa humo bila kutoa mwanga. Tazama mrija ukitoka kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili fuwele zitue chini): kilichokuwa kijani king'avu sasa ni mashapo ya manjano yaliyofifia, hata ukiongeza kiyeyusho cha tolueni hayatawanyiki. Huo si usafi, ni uharibifu!

Kinachotakiwa ni kubadilisha ligandi, si kuzivua. Ushauri wangu hauna siri: anza na didodesili dimethili amonia bromidi. Minyororo yake ina kaboni 12, nitrojeni yake haina protoni ya kutoa, hivyo haiachii kirahisi, na inakuja na bromidi ya kuziba mapengo. Kuoshea, tumia asetati ya ethili au ya methili, kwa kiasi, na ethanoli iache kabatini. Kisha pima mwanga wa utando mkavu. Chupa ya fuwele kwenye kiyeyusho inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno haijakuambia kama umeme utapita, na bado watu wananitumia picha za chupa.

Eti perovskaiti huvumilia kasoro, kwa hiyo uso hauhitaji kutibiwa? Za bromidi na iodidi huvumilia kwa kiasi. Jaribu za kloridi zinazotoa zambarau: bila kutibiwa hufifia sana, kwa sababu nafasi zinazoachwa na kloridi hunasa elektroni kwa kina.

Wengine huchanganya fuwele za kijani na nyekundu katika chupa moja wakitarajia rangi mbili. Halidi (kloridi, bromidi na iodidi) huhama kutoka fuwele moja hadi nyingine, na muda si mrefu unabaki na rangi moja ya katikati. Ligandi za kawaida hazizuii uhamaji huo.

Na bati badala ya risasi? Hofu ya sumu ni ya haki kabisa, lakini bati la chaji +2 huoksidishwa upesi kuwa +4, na mwanga hupotea nalo. Kwa sasa, anayejali usalama aelekeze nguvu kwenye kufunika kifaa kisivujishe risasi.