Pini Bado Ipo Mahali Pake: Kwa Nini Mazoezi ya Moto Yarudiwe

Katika mafunzo niliyoyatoa Mwanjelwa, hapa Mbeya, mfanyabiashara mmoja alitaja hatua zote za kutumia mtungi wa kuzimia moto bila kukosea: chomoa pini, elekeza mpira kwenye shina la moto, bana kishikio, fagia huku na huku. Tukawasha dizeli kidogo kwenye karai, nikamwambia azime. Akanyanyua mtungi na kubana kishikio kwa nguvu zake zote. Pini bado ipo mahali pake! Alipoikumbuka akaivuta huku amebana, na pini ikibanwa hivyo hukwama.

Hakuwa mjinga wala mwoga. Mwili ukishtuka humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, vidole vikatetemeka, akili ikang'ang'ania jambo moja tu. Saa hiyo somo la kusikia hupotea, na kinachobaki ni kile ambacho mikono imeshakifanya mara nyingi. Dereva wa bodaboda anayeteremka Iwambi hajiulizi breki iko wapi. Mkono na mguu vimeshafika kabla hajawaza.

Mtungi wa poda wa kilo 6 huisha kabla ya nusu dakika, kwa hiyo hakuna muda wa kujifunza moto ukiwa umeshawaka. Ndiyo maana sipendi semina ya siku moja inayoishia kwenye picha ya pamoja. Chukua mtungi uliokwisha muda na usio na gesi, uweke dukani, na kila mfanyakazi aushike: anyanyue, achomoe pini mkono mwingine ukiwa mbali na kishikio, alenge chini. Mara kumi leo, mara kumi wiki ijayo. Akishazoea, afumbe macho. Kisha mwenzake ampigie kelele pembeni, kwa sababu moto hauji kwa utulivu.

Linaloniumiza zaidi ni mabweni. Juni na Julai baridi yetu huku Nyanda za Juu Kusini haina mzaha. Madirisha yanafungwa, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani (hilo huua hata bila kuunguza kitu, maana hewa yake yenye sumu haina harufu). Shule nyingi hufanya zoezi la moto mchana, baada ya kulitangaza paredi asubuhi. Watoto hutoka wakicheka, wanapanga mstari, basi. Hilo ni zoezi la kupanga mstari. Usiku bwenini mtoto hukurupuka gizani, moshi umejaa, umeme umekatika, na watoto wadogo wengi hujificha uvunguni, mahali ambapo mwokoaji humpata kwa shida.

Zoezi lenye maana lifanyike usiku, taa zimezimwa. Mtoto ashuke kitandani, atambae chini ambako hewa ni afadhali, mkono mmoja ukifuata ukuta, ahesabu vitanda hadi mlangoni. Aguse mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, ageukie mlango wa pili. Mlango huo nao ufunguliwe kila zoezi, la sivyo wote watakimbilia ule waliouzoea. Matroni naye ajaribu kufungua kufuli gizani, ufunguo ukitundikwa kwenye msumari uleule kila siku. Nimewahi kuona matroni makini akijaribu funguo tano kwenye kufuli moja huku tochi ikimtetemeka mkononi, na lile lilikuwa zoezi tu.

Jambo la mwisho ni simu. Namba yetu ya dharura ni 114, na haitozwi. Wengi hupiga, hupaza sauti "Moto! Njooni!", kisha hukata. Moto uko wapi? Wafundishe watoto kutanguliza mahali: mtaa, kisha alama inayojulikana, kama kanisa, msikiti, kituo cha daladala au shule. Cheza nao jioni simu ikiwa imezimwa. Wewe uwe askari wa zamu, umuulize, akujibu: "Ilomba, nyuma ya shule, nyumba ya bati jekundu." Kesho muulize tena ghafla, akiwa katikati ya kuosha vyombo.