Chenso haikati? Usikimbilie kulaumu injini

Jamani wapasua mbao wa Mubende na Masindi, Uganda, hii habari ya kwamba chenso (msumeno wa injini) ikianza kutoa unga basi injini imechoka si kweli, mara nyingi ni cheni butu tu. Cheni kali inatoa vipande, butu inatoa vumbi laini halafu mtu anaikandamiza mpaka baa (kile chuma kirefu cheni inapozunguka) inafuka moshi. Piga tupa ya duara kila jino, mara sawa pande zote, la sivyo itakata kombo. Na kile kinundu mbele ya jino wengi wanakisahau kabisa! Jino likipungua chenyewe kinabaki juu, cheni inateleza hata ukiinoa vipi, kwa hiyo kishushe kwa tupa bapa, cheni nyingi zinataka milimita 0.65 hivi chini ya jino, usizidishe maana chenso itakurukia.