Dirisha hufungwa saa ngapi?

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipima joto la nyumba za gharama nafuu hapa Malindi, na kwa muda wote huo swali hili sikumwuliza mtu.

Kazi yangu ni kuijenga nyumba ndani ya kompyuta kabla fundi hajaijenga. Natumia EnergyPlus, programu ya bure ya Wizara ya Nishati ya Marekani. Naipa vipimo vya vyumba, unene wa kuta, aina ya paa, idadi ya wakaaji na hali ya hewa ya mwaka mzima saa kwa saa, nayo inakokotoa joto la kila chumba. Kwa kikundi kinachojenga kwa michango ya wanachama, hilo lina thamani kubwa, maana bati likishapigwa misumari hakuna pesa za kulibandua.

Mchana haukunipa taabu. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mwezi wa Machi, tena mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo kinachopigwa zaidi ni paa. Bati la kutu hunywa jua, bati jeupe hulirudisha sehemu kubwa. Ukiongeza na dari, adhuhuri inavumilika.

Usiku ndio uliokataa. Modeli ilisema chumba kitakuwa kimepoa ifikapo saa nne. Vipimajoto nilivyovitundika vikaonyesha joto halijatoka hata saa saba. Si bati, kwa kuwa bati hupoa upesi jua likizama. Nikabadilisha unene wa kuta, nikabadilisha uzito wa mawe, hesabu zisikutane. Mwisho nikarudi kwa mama mwenye nyumba.

"Mwanangu, nikishaswali isha nafunga madirisha. Nikiacha wazi, mbu na mwizi wataingia pamoja."

Mimi nilikuwa nimeiandikia kompyuta kwamba madirisha hukaa wazi mpaka asubuhi! Nilipoyafunga baada ya isha, hesabu na vipimo vikakaribiana. Kuta zilizokunywa joto mchana kutwa zinalitoa ndani, watu wanne waliolala wanaongeza lao, kila mmoja kama wati 70, na hewa haina pa kutokea. Feni inazungusha joto lile lile. Feni ya wati 60 ikifanya kazi saa kumi kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi, na hizo ni tokeni nyingi kwa anayenunua kidogo kidogo.

Watu husifu unene wa kuta za mji wa kale wa Lamu, nami nazipenda mno. Lakini ukuta mnene ni ghala la joto, sharti lipate njia ya kutoka usiku. Nyumba zile zina kiwanda, uwazi wa katikati usioezekwa: mlango wa mbele umekomewa, na hewa ya moto bado inapanda na kwenda zake.

Nyumba ya vyumba viwili haina nafasi ya kiwanda. Tumetoboa matundu juu kabisa ya kuta zinazoelekeana, yakatiwa nondo na wavu wa mbu. Kwenye modeli yamesaidia kuliko kupanua madirisha, ambayo usiku yangefungwa vilevile. Vipimajoto bado vimetundikwa kwa yule mama, vinangoja Machi, kaskazi inapolegea na kusi haijaingia.