Redio za Tranki Kwenye Wiki ya Wasikilizaji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kwenye kijiwe cha bodaboda chenye utaratibu, abiria hachagui pikipiki. Anafika, anasema anakokwenda, mwenye kupanga zamu anamwita dereva aliye mbele, safari inaanza. Jioni abiria yuleyule akirudi, atapanda pikipiki nyingine. Redio za tranki hufanya kazi hivyohivyo. Jiji lina masafa machache, tuseme kumi na mawili, na wenye kuyahitaji ni wengi: polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa, mabasi, wazoa taka. Kila idara ikipewa masafa yake, mengi yatalala kimya kutwa nzima. Kwa hiyo yote yanatiwa kapu moja, na chaneli moja, tunayoiita chaneli ongozi, inapanga zamu. Chaneli hiyo haibebi mazungumzo; inatuma data bila kupumzika. Askari akibonyeza redio kol yake, inaomba nafasi, na kufumba na kufumbua jibu linarudi: kundi namba fulani, hamieni masafa fulani. Redio zote za kundi hilo zinahamia. Maneno yakiisha, masafa yanarudi kapuni.

Nimeanza na kijiwe kwa sababu makosa mengi ninayoyakuta kwenye wiki za wasikilizaji, yaani tovuti ambazo wasikilizaji wa redio hizi huziandika kwa pamoja, huja kwa kufuata pikipiki, yaani masafa, na kumsahau abiria, yaani kundi linalozungumza. Ninaishi Minnesota, na kwa miaka kadhaa nimechangia kurasa za mfumo wa redio wa jimbo hili, ARMER. Minnesota ina kaunti 87, na minara mikuu ya mfumo huo inatunzwa na idara ya uchukuzi ya jimbo. Daraja la barabara ya 35W lilipoanguka ndani ya mto Mississippi, jijini Minneapolis, tarehe 1 Agosti 2007, vikosi vya eneo la jiji vilikuwa tayari kwenye mfumo huo, na waokoaji wa idara mbalimbali waliweza kuongea wao kwa wao. Wanaoniuliza kwa nini mtu mzima anakesha akiandika namba, huwa nawasimulia habari ya daraja hilo.

“Ukishapata masafa, kazi imekwisha”

Masafa ndiyo sehemu nyepesi. Hapa Marekani, tume ya mawasiliano, FCC, huweka leseni zote wazi kwenye hifadhidata yake. Utaona masafa, mahali mnara ulipo, nguvu ya kurushia, na alama ya aina ya mawimbi: 8K10F1E inadokeza sauti ya kidijitali ya P25, na 7K60FXE inadokeza DMR; hizo ni aina mbili za redio za kidijitali. Ni hazina kubwa, lakini leseni haijui makundi. Hakuna mstari utakaokuambia kundi lipi ni la zimamoto na lipi ni la mafundi wa maji. Tena leseni si ushahidi kwamba mnara unarusha. Wapo wanaochukua leseni kabla ya kujenga, na wapo ambao leseni yao inaendelea kuwepo baada ya mitambo kuzimwa. Ukurasa mzuri hutenga “ina leseni” na “imesikika”, na kwenye hiyo ya pili huweka tarehe.

Kitambulisho cha mfumo ndicho kinachobeba ukurasa. Mfumo wa P25 hujitambulisha wenyewe kupitia chaneli ongozi: namba ya mtandao yenye tarakimu tano za heksadesimali (0 hadi 9, kisha A hadi F), namba ya mfumo yenye tarakimu tatu, kisha namba ya kila kituo na majirani zake. Chaneli hiyo hutangaza pia masafa ya kuanzia na umbali kati ya chaneli na chaneli, ili redio ikokotoe yenyewe pa kwenda. Mifumo ya zamani ya EDACS haina ukarimu huo. Huko kila masafa yana nafasi yake kwenye orodha, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mnara hutaja nafasi tu. Nimekuta kurasa za EDACS zilizopangwa upya na mhariri mwenye nia njema, masafa madogo juu na makubwa chini. Macho yanafurahi, lakini kila skana, yaani redio ya kusikilizia masafa mengi, itakayofuata orodha hiyo itakwenda mahali pasipo sahihi.

Jambo jingine linalowapotosha wageni ni kwamba chaneli ongozi huhama. Kituo huwa na masafa kadhaa yaliyoruhusiwa kushika kazi hiyo, na yanaweza kupokezana. Hifadhidata ya RadioReference huonyesha iliyo kuu kwa rangi nyekundu na za akiba kwa bluu. Mtu akisikiliza Jumanne moja na kukuta nyekundu inabeba sauti, asiifute. Aandike alichokiona na siku aliyokiona.

“Kila namba mpya ni kundi jipya”

Kwenye mifumo ya Motorola ya aina ya pili, ambayo bado utakutana nayo kwenye kurasa nyingi za zamani, namba za makundi huenda kwa hatua za 16. Nafasi zilizo katikati zimeachwa kwa ajili ya hali ya mazungumzo. Chukua kundi 1616. Likitokea kama 1618, ni kundi lilelile, ila kuna mtu amebonyeza kitufe cha dharura. Likitokea kama 1619, limeunganishwa kwa muda na kundi jingine. Asiyejua hili ataandika makundi matatu mapya, atayabunia majina, na mwezi ujao mwingine atayanakili. Kabla ya kuongeza mstari, gawanya namba kwa 16. Ikibaki salio, rudi nyuma uitafute namba mama.

P25 haina mtego huo, lakini ina wake: disipacha, yaani mwelekezaji wa kazi aliye kituoni, akiunganisha makundi mawili kwa ajili ya tukio moja, namba ya muda huzaliwa na kufa siku hiyohiyo. Ipe siku chache kabla ya kuiingiza.

“Nimesikia kwa masikio yangu, kwa hiyo najua ni nani”

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Usiku mmoja wa theluji nilisikia kundi ambalo halikuwa na jina kwenye ukurasa wetu. Mtu alitaja ajali kwenye barabara kuu, namba ya maili, magari mawili, njia moja imefungwa. Nikaandika: doria ya polisi wa barabara. Jina hilo lilikaa wiki tatu. Mchangiaji mwingine aliyesikiliza kwa muda mrefu kuliko mimi aliliondoa: walikuwa madereva wa magari ya kusukuma theluji, na mmoja wao alikuwa amepita tu pale penye ajali. Alieleza sababu zake kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa utulivu: saa za kazi zao, maneno wanayotumia kwa chumvi na mchanga, na namba za redio zao zinazofuatana.

Tangu hapo siandiki jina kwa ushahidi wa usiku mmoja. Ninaandika nilichosikia, lini, kituo gani, na redio zipi zilishiriki. Jina likiwa bado ni dhana, naliwekea alama ya kuuliza. Wapo wahariri wanaoona alama hiyo inachafua jedwali. Mimi naona inamheshimu msomaji, maana inamwonyesha pa kuongeza masikio yake.

“Sauti ikikatika, wamefunga mazungumzo”

Dhana hii imejaza kurasa nyingi alama za usimbaji, yaani kufunga sauti kwa msimbo wa siri, zisizostahili. Sauti mbovu ina sababu nyingi, na mbili zinaongoza.

Ya kwanza ni minara inayorusha pamoja. Ili kufunika jiji kwa masafa machache, minara sita au kumi hutuma mawimbi yaleyale, kwenye masafa yaleyale, kwa wakati mmoja unaopimwa kwa GPS. Redio za polisi zimeundwa kuvumilia hali hiyo. Skana nyingi hazikuundwa hivyo. Mawimbi ya mnara wa karibu na wa mbali yakifika kwenye antena yako yakiwa yamepishana kidogo tu kwa wakati, yanavurugana. Nguvu ya mawimbi inaonekana imejaa, lakini sauti inatoka vipandevipande. Dawa yake inakwenda kinyume na mazoea: punguza unachopokea. Antena ya yagi inayotazama mnara mmoja, au hata kuhamia upande wa pili wa nyumba ili ukuta uzibe minara mingine, inaweza kukupa sauti safi. Na kwenye wiki, minara hiyo yote ni kituo kimoja chenye namba moja. Anayeipa kila mnara kituo chake anachora ramani ya kitu kisichokuwepo.

Ya pili ni awamu ya pili ya P25. Humo mazungumzo mawili hupokezana vipande vya muda ndani ya chaneli moja ya kilohezi 12.5. Chaneli ongozi inabaki kama ya awamu ya kwanza, hivyo skana ya zamani inaifuata vizuri, inaonyesha namba ya kundi, kisha haitoi maneno. Mwenye skana anahitimisha kwamba mazungumzo yamefungwa. Ndiyo maana jedwali lina herufi ya kutofautisha: T ni ya mpangilio huo wa muda, na E ni ya usimbaji. E kubwa ni kundi linalosimbwa wakati wote. E ndogo ni linalosimbwa mara mojamoja. Kukuta mazungumzo yamefungwa mara moja hakutoshi kuandika E kubwa.

“Kundi lililosimbwa halina cha kuandikwa”

Sauti ndiyo iliyofichwa. Kwa kawaida chaneli ongozi bado inaonyesha namba ya kundi, namba za redio, na saa za shughuli. Programu kama OP25 au SDRTrunk husoma pia namba ya mbinu ya usimbaji: 80 maana yake hakuna usimbaji, 81 ni DES, 84 ni AES ya biti 256, AA ni RC4. Hayo ni maarifa halali ya ukurasa. Msomaji ataokoa saa nyingi za kuhangaika na antena akijua kwamba kundi analolitafuta limefungwa kwa AES na halitasikika kwa kifaa chochote cha dukani. Idara ya polisi ya Denver ilipofunga redio zake mwaka 2019, kilichobaki kwa wasikilizaji ni kuandika kwa usahihi nini kimefungwa na nini bado kiko wazi.

“Hii ni kazi ya wenye mashine ghali”

Hapana. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba vifaa vidogo vya USB vya kutazamia televisheni, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kutoa mawimbi ghafi kwa kompyuta. Kimoja kinatosha kusoma chaneli ongozi, na chaneli ongozi ndiyo mwalimu.

“Kusikiliza ni uhalifu” na “Kusikiliza ni ruhusa kila mahali”

Naziweka pamoja kwa sababu zote mbili zinawaumiza watu. Marekani, sheria ya faragha ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 1986 inaruhusu kusikiliza redio za polisi na zimamoto zinazopatikana wazi kwa umma. Yaliyosimbwa hayamo, na simu za mkononi hazimo. Hata hivyo hapa Minnesota, kufunga kwenye gari redio inayopokea masafa ya polisi kunahitaji kibali, isipokuwa kwa wenye leseni ya redio ya ridhaa. Uingereza, sheria ya mwaka 2006 inaharamisha kusikiliza ujumbe usiokusudiwa wewe. Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila ruhusa. Ndugu yangu unayesoma hapa ukiwa Tanga au Mwanza, usichukue desturi ya Minnesota ukaihamishia nyumbani.

Hata panaporuhusiwa, kuna mambo siyaandiki. Namba ya redio naiandika kama gari au cheo, kamwe si kama jina la mtu. Jina na anwani ya mgonjwa vikitajwa hewani, haviingii kwenye maelezo yangu hata kama ndivyo vilivyonisaidia kulitambua kundi.

“Mfumo ukizimwa, futa ukurasa”

Kuanzia mwaka 2004 FCC iliagiza masafa ya bendi ya megahezi 800 yapangwe upya, na vituo vingi vya usalama vilishuka megahezi 15. Anayekuta leo chapisho la zamani lenye masafa ya 866 hatalielewa bila ukurasa uliohifadhi yote mawili. Kwa hiyo mfumo uliokufa tunauhamishia kwenye orodha ya mifumo iliyozimwa, pamoja na makundi yake yote na mtindo wake wa namba, kwa kuwa idara nyingi hubeba mtindo huo kwenda kwenye mfumo mpya.

Kuna ukurasa mmoja wa namna hiyo niliousimamia. Siku ya kuzimwa niliiacha kompyuta ikisoma chaneli ongozi tangu alfajiri. Makundi yalipungua moja moja, hadi ikabaki data tupu inayotangaza kituo kwa redio ambazo hazikuwepo tena. Kisha ikawa kelele za hewa tu. Niliandika saa, nikahifadhi.